Sura ya Nne: Hesabu Inaanzia Ukutani

Mtu anayejiundia kompyuta ya gemu kwa mara ya kwanza huanza karibu kila mara na kadi ya michoro. Amelisikia jina la kadi kwa rafiki au kwenye video, ameuliza bei yake Luthuli na Moi Avenue, na pesa zinazobaki anazigawa kwa prosesa, madabodi, RAM, diski na kasha. Pawasaplai hununuliwa mwisho kwa shilingi zilizosalia, na mara nyingi ni ile iliyokuja ndani ya kasha. Mpango huu una mantiki mahali ambapo umeme haupotei na bili yake haionekani katika mshahara. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, hauna. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba anayeishi Umoja, Kayole, Donholm, Dandora au Pipeline anapaswa kuupindua, aanze na wati. Ajiulize stima ya nyumba yake ni ya namna gani, itamgharimu kiasi gani kwa mwezi, na betri anayoweza kuinunua itabeba mzigo gani stima ikipotea. Majibu hayo yatamchagulia kadi, na kadi itamchagulia karibu vyote vingine.

Tuanze na gharama, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa zaidi. Tangu bei mpya zilizoanza Aprili 2023, wateja wa nyumbani wa Kenya Power wamegawanywa katika makundi matatu: wasiozidi uniti 30 (yaani kilowati-saa 30) kwa mwezi, wa kuanzia 31 hadi 100, na wanaozidi 100. Kila kundi lina bei yake ya uniti, na bei hupanda unapovuka mpaka. Sasa chukua kompyuta yenye kadi kubwa, tuseme RTX 3070 ambayo peke yake imepimwa wati 220. Ukijumlisha prosesa, feni, diski, skrini na kile kinachopotea kama joto ndani ya pawasaplai, ukutani inavuta wati 400 hivi gemu nzito ikichezwa. Saa nne kila jioni kwa siku 30 ni uniti 48. Kompyuta iliyojengwa kwa uangalifu juu ya kadi ya wati 70 itavuta kama wati 180, skrini ikiwemo, na kwa saa zilezile itakula uniti 22 hivi. Tofauti ni uniti 26. Tukiweka uniti moja kuwa shilingi 25, kodi na tozo zikihesabiwa, hiyo ni zaidi ya shilingi 650 kwa mwezi, karibu 8,000 kwa mwaka, na karibu 24,000 katika miaka mitatu ambayo kadi inatarajiwa kukaa. Hiyo ni bei ya kadi nyingine, inayolipwa polepole kupitia tokeni bila mtu kuiona.

Na hesabu hiyo bado ni ya upole. Bedsita yenye balbu chache, televisheni, simu mbili na pasi ya wikendi inaweza kukaa ndani ya uniti 30 bila shida. Kompyuta ya uniti 48 inaitoa humo peke yake, na kuanzia hapo hata mwanga wa balbu unalipiwa kwa bei ya kundi la juu. Kompyuta ya uniti 22 huenda nayo ikaivusha nyumba hiyo, lakini nyumba ya familia inayotumia uniti 70 itabaki chini ya 100, ilhali ile kubwa itaipeleka kundi la tatu. Katika ploti nyingi mpangaji hana mita yake ya Kenya Power. Ana mita ndogo ya landilodi, na bei ya uniti ni ile landilodi aliyoamua. Kwingine stima imo ndani ya kodi ya nyumba, na hapo kompyuta inayonguruma hadi usiku wa manane huishia kuwa kesi kwa keateka. Kijana anayeishi kwa wazazi Buruburu anaweza kusema halipi bili. Mama yake ndiye anayelipa, na swali la nani amemaliza tokeni linajulikana katika kila nyumba.

Kuna wanaojibu kwamba shilingi mia sita kwa mwezi si kitu kwa mtu aliyenunua kompyuta ya laki moja. Jibu hili lina uzito, na kama gharama ingekuwa hoja pekee ningelikubali nusu. Lakini wati zina matokeo mengine yasiyolipika kwa tokeni, na la kwanza ni usalama wa kifaa chenyewe. Kenya ilipata giza la nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, likarudi Novemba na Desemba ya mwaka huohuo, na kila mtu anayakumbuka matukio hayo. Kwa kompyuta, hata hivyo, giza kubwa la taifa si adui mkuu. Adui ni stima ya kila siku, ile inayofifia saa moja jioni jikoni zote zikiwaka, inayopotea kwa nusu sekunde kisha kurudi, inayorudi kwa kishindo friji za jengo zima zikianza kuvuta kwa pamoja. Umoja na Buruburu zilijengwa miaka ya 1970 kama mitaa ya nyumba za chini, za familia moja moja. Leo sehemu kubwa ya Umoja ni ghorofa zilizobanana, na nyumba za Buruburu zimeongezewa vyumba mbele na nyuma. Wakazi walioongezeka wanavuta stima kutoka mtandao uliopangiwa watu wachache zaidi, na hata nyaya na transfoma zikiongezwa, jioni bado inaonyesha mkazo.

Hapa ndipo pawasaplai inapostahili kutoka mwisho wa orodha na kuja mwanzo. Kazi yake inayojulikana ni kugeuza volti 240 za ukutani ziwe volti 12 na nyingine ndogo ambazo kadi na prosesa zinatumia. Kazi yake isiyojulikana ni kuvumilia. Pawasaplai iliyotengenezwa kwa viwango hushikilia umeme wake kwa takriban milisekunde 16 baada ya ukuta kunyamaza, ikiwa imebeba mzigo wake wote. Wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50 huchukua milisekunde 20, kwa hiyo muda huo haufiki hata wimbi moja. Ukiibebesha nusu tu ya uwezo wake, akiba hiyo hurefuka, na kufifia kwa kitambo kidogo ambako kungezima kompyuta ya jirani hakutaonekana kwako. Hii ndiyo sababu kompyuta ya wati 180 yenye pawasaplai nzuri ya wati 450 ina amani kuliko kompyuta ya wati 400 yenye pawasaplai ileile.

Angalia pia volti inazokubali. Zile bora huandikwa volti 100 hadi 240, kwa sababu zina sakiti inayojirekebisha kulingana na kinachoingia. Stima ikishuka hadi volti 180 saa moja jioni, zinaendelea na kazi. Zile za bei ya chini kabisa zina swichi ndogo nyekundu mgongoni, ya 115 na 230, na zina uvumilivu mdogo kati ya hizo mbili. Swichi hiyo ikisogezwa kwenye 115 kwa bahati mbaya, na mtoto anaweza kuisogeza, pawasaplai inalipuka ikichomekwa. Kisha soma lebo. Wati 500 zilizochapishwa kwa herufi kubwa hazina maana mpaka utazame mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha kadi na prosesa. Ukikuta ampea 18 hapo, zidisha kwa 12 upate wati 216, na hizo ndizo wati za kutumainia katika kifaa kilichouzwa kuwa cha 500. Hesabu hii inafanyika dukani kwa kalamu, na muuzaji mwaminifu hataikasirikia. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza 2004, inafaa kutafutwa, ingawa inapima ufanisi pekee, yaani kiasi gani cha umeme kinafika na kiasi gani kinakuwa joto. Haisemi lolote kuhusu ulinzi dhidi ya mshtuko.

Ulinzi dhidi ya stima kupotea ghafla unahitaji betri, na betri inaturudisha kwenye wati. UPS nyingi ndogo madukani huandikwa VA 650, na mnunuzi hudhani ni wati 650. Kwa kawaida hazizidi wati 400, na nyingine hazifiki 350. Kompyuta ya wati 180 ikiegemea UPS kama hiyo inapata dakika kadhaa za kuhifadhi gemu, kufunga faili na kuzima kwa utaratibu. Kompyuta ya wati 400 inaizidi nguvu, na stima ikipotea katikati ya mechi UPS inalia mara moja na kuzima kila kitu, kana kwamba haikuwapo. Mwenye kompyuta kubwa anahitaji UPS ya daraja la juu zaidi, kwa bei ya juu zaidi, na kwa vile kadi imeshamaliza pesa, kwa kawaida hainunui. Matokeo yake, kifaa cha bei ghali kinakaa bila kinga, na cha bei nafuu kinakuwa nayo. Anayeshindwa hata UPS ndogo anunue angalau kile kifaa cha kulinda friji na televisheni, kinachokata volti zikipotoka na kusubiri kidogo kabla ya kuruhusu stima iliyorudi.

Sasa kadi zenyewe. Vipimo vya watengenezaji viko wazi kwa yeyote. GTX 1650 ya 2019 ni wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka 2024, ni wati 70. RX 6600 ya 2021 ni 132, na RTX 4060 ya 2023 ni 115. Weka kando yake RX 580 ya 2017, ambayo bado inasifiwa kwa unafuu wake. Imepimwa wati 185, na RTX 4060 inaizidi kwa takriban mara mbili za fremu huku ikila wati 70 pungufu. Unafuu wa RX 580 una historia pia. Kadi za aina hiyo zilifanya kazi ya kuchimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana, hadi Ethereum ilipoacha mfumo huo tarehe 15 Septemba 2022 na kadi nyingi zilizochoka zikaingia sokoni kote duniani. Si kila RX 580 ilipitia huko, na iliyopitia inaweza kuwa nzima, lakini feni zake na gundi ya kupitisha joto zimeshatumika sana, na anayelipia ni wewe.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa nyumba ya kawaida ya Eastlands ni kadi iliyo kati ya wati 70 na 130, ikisukuma skrini ya 1920 kwa 1080. Chini ya hapo gemu mpya zinaanza kukwama. Juu ya hapo unalipia fremu ambazo skrini ya hezi 60 haiwezi kuzionyesha. Anayecheza EA FC, GTA V, Dota 2 au Counter-Strike 2 hatakosa chochote cha maana. Anayetaka gemu kubwa za miaka hii, mandhari yote yakiwa juu kabisa, atalazimika kupunguza mipangilio, na ni haki aambiwe hivyo kabla hajatoa pesa.

Pingamizi ambalo nimeliona kuwa na nguvu zaidi linatoka kwa wanaojua vifaa vizuri. Wanasema kadi kubwa inaweza kufungwa kamba: punguza kikomo chake cha wati kwa programu, zuia fremu zisizidi 60, na itakula kidogo huku ikipoteza fremu chache tu. Ni kweli, na mwenye kadi kubwa tayari afanye hivyo leo. Hata kadi ndogo inafaidika na kikomo cha fremu, kwani hakuna sababu ya kuchora picha 140 kwa sekunde kwa skrini inayoonyesha 60. Lakini kama hoja ya kununua, ina mapengo mawili. Kikomo cha programu hudhibiti wastani, ilhali kadi kubwa za kizazi cha RTX 30 zilijulikana kwa kuruka ghafla kwa milisekunde chache hadi karibu mara mbili ya wati zao, na mruko huo unatosha kuangusha pawasaplai dhaifu au UPS ndogo. Pengo la pili ni la kifedha. Anayenunua kadi ya bei ya juu kisha aifunge ameweka pesa kwenye uwezo asioutumia, wakati pesa zilezile zingenunua UPS na skrini.

Wapo wanaosema unanunua kubwa leo ili usinunue tena kesho. Fikra hiyo inaipuuza bei ya dola. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160, na kufikia mwisho wa Machi ilikuwa chini ya 135. Aliyekamilisha kila kitu Januari alilipia hofu ya wakati ule. Aliyenunua msingi mzuri na kuacha kadi ya baadaye alipata nafasi ya kupumua. Msingi mzuri ni pawasaplai, kasha lenye njia ya hewa, na madabodi yenye kesho. Kwa upande wa madabodi, soketi ya AM4 ya AMD ndiyo iliyojithibitisha, maana prosesa ya Ryzen 7 5800X3D ya 2022 inaingia kwenye madabodi nyingi za 2017 baada ya kusasisha programu yake ya ndani. Anayeanza na Ryzen 5 5600G, yenye michoro yake ndani na wati 65, anaweza kucheza gemu nyepesi bila kadi yoyote kwa miezi kadhaa huku akikusanya pesa. Aweke RAM vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu michoro ya ndani inategemea kasi ya RAM na vipande viwili husoma sambamba. RAM yenyewe ilipanda bei sana mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili unde, na Desemba ya mwaka huo Micron ilitangaza kuiacha chapa yake ya Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Mwenye RAM nzuri ya DDR4 asiiuze haraka.

Halafu kuna kompyuta za ofisi za mtumba, zile za ex-UK, ambazo kwa hoja ya wati ndizo zinazokaribia zaidi ninachokitetea. Dell OptiPlex au HP EliteDesk pamoja na kadi ya wati 70 hadi 75 ni njia ya heshima, na kwa wengi ndiyo pekee inayowezekana. Tahadhari ni tatu. Kasha dogo linapokea kadi fupi tu, kwa hiyo tafuta lile la mnara. Pawasaplai yake mara nyingi ina plagi ya mtengenezaji mwenyewe, kama ilivyo kwa OptiPlex 9020, na ikifa huwezi kuchukua yoyote ya dukani bila kiunganishi maalumu. Nyingi zinauzwa zikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha nne au cha sita, ilhali Windows 11 rasmi inadai cha nane na kuendelea, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Gemu kama Valorant hukataa kuanza kwenye Windows 11 bila ulinzi wa TPM 2.0. Kizazi cha nane kikipatikana kwa nyongeza unayoimudu, lipa nyongeza hiyo.

Anayetaka mpira pekee, acheze na marafiki sebuleni au katika banda la PS la mtaani, sina sababu ya kumshawishi aunde kompyuta. PlayStation 4 itamtosha kwa wati chache na bila usumbufu. Kompyuta inajilipia pale ambapo mchana inafanya kazi nyingine: kuhariri video za harusi, kuchora, kujifunza kuandika programu, kusomea. Na kwa kazi hizo pia, saa nyingi za wati chache zina thamani kuliko saa chache za wati nyingi.

Joto ni suala fupi lakini la hapa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni ileile inabeba joto kidogo kila inapozunguka. Ubaridi wa jiji unatufidia kwa sehemu kubwa, isipokuwa chini ya mabati saa nane mchana, au katika chumba kimoja ambamo jiko, kitanda na kompyuta vinagawana hewa. Wati 400 katika chumba hicho ni sawa na kuacha pasi ndogo ikiwaka jioni nzima. Vumbi la kiangazi huziba vichujio haraka. Chagua kasha ambalo vichujio vyake vinavutwa nje bila bisibisi, kwa maana kile kisichotoka kirahisi hakisafishwi.

Ukishakuwa na orodha, nenda mjini na kipima-wati cha kuchomeka, au umwombe muuzaji awe nacho. Kwa kadi ya mtumba omba iwashwe na kuchezeshwa gemu nzito kwa nusu saa mbele yako, mlango wa kasha ukiwa umefungwa kama utakavyoutumia nyumbani. Tazama namba tatu: joto la kadi dakika ya thelathini, kama fremu zinashuka kadiri muda unavyokwenda, na wati zinazosomeka ukutani. Namba ya tatu iandike. Ndiyo utakayoizidisha kwa saa zako za jioni kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa, na ndiyo utakayoipeleka duka la pili kununua UPS.